Sahihi Niliyotia Miezi Minane Kabla ya Kustaafu

Ninyi wasichana wawili mliorithi dawati langu mmeniandikia mara tatu mkitaka niwaeleze mambo ya kustaafu, kwa maana watu wanakuja dirishani na maswali na hamna la kuwajibu. Nitawaeleza. Vyeo nilivyopanda na mshahara niliopata niwekeni kando, havitawasaidia. Nitawaambia kazi ilivyofanywa, na nitawaambia habari za mwanamke mmoja ambaye faili yake mtaikuta kwenye kabati la tatu, rafu ya chini, imefungwa kwa kamba. Juu yake imeandikwa Teresia Moraa. Huyo hakuwahi kufanya kazi katika kampuni yetu hata siku moja.

Niliajiriwa nikiwa na miaka ishirini na mbili, na cheti cha kupiga chapa kutoka chuo kimoja kidogo cha Londiani. Ofisi ya wafanyakazi wakati huo ilikuwa chumba cha mabati chenye dirisha moja la mbao, na kwa sababu huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, kuanzia saa nane mtu akisema jina lake husikii ila mabati. Nilipewa kadi za manjano, kalamu ya wino mweusi, kidau cha wino wa kidole gumba na sanduku la mbao lenye droo ishirini na nne. Kompyuta yetu ilikuwa hiyo. Haikuwahi kupoteza umeme.

Aliyenifundisha kazi ni karani mkuu, Mzee Nyakundi, mtu wa Nyamira aliyevaa sweta mbili hata Januari. Siku ya kwanza tulikuwa tunaandika wachumaji wapya wa chai, wengi wao Wakisii. Mimi ni Mkipsigis, na kwa ulimi wetu b na p, g na k, ni majirani wasio na ua kati yao. Bosibori nikamwandika Posipori. Gesare nikamwandika Kesare. Mzee alizichukua kadi zangu nne za kwanza, akazisoma moja moja, akazichana bila hasira yoyote.

"Andika unachoona kwenye kitambulisho," akaniambia. "Sikio lako liache nyumbani. Mama huyu atakuja hapa amezeeka, na mtu wa Nairobi atamwambia Posipori si yeye. Wewe hatakujua hata akutukane."

Nilijifunza. Baada ya mwaka mmoja Mzee hakuwa akikagua kadi zangu tena, na nilijivuna kwa hilo kuliko kwa cheti cha Londiani.

Sabina alikuja mwaka wangu wa tatu. Ilikuwa msimu wa majani mengi, kampuni ilitaka mikono, na foleni ya watu wanaotafuta kazi ilifika hadi kwenye banda la mizani. Alikuwa msichana wa miguu myembamba, amevaa sweta ya shule iliyotolewa beji, uzi bado unaning'inia. Kitambulisho alichonipa kilisema Teresia Moraa, na kwa tarehe ya kuzaliwa alikuwa na miaka ishirini na minne. Nikaitazama picha, nikamtazama yeye. Walifanana, lakini mtu wa ishirini na minne nilikuwa mimi, na huyu alikuwa mtoto mbele yangu.

Nikamuuliza kama huyu ni yeye. Akasema, "Ni mimi, madam." Supavaisa alikuwa nyuma yangu akiniharakisha. Nikaandika.

Nilijua. Nataka hilo likae hapa mapema, maana baadaye niliandika vingine.

Alipewa nyumba katika laini yetu, safu ya nyumba za kampuni, nyumba tatu kutoka kwangu, tukitumia bomba moja la maji. Kabla ya wiki kuisha alinieleza mwenyewe kwamba jina lake ni Sabina Kemunto, kwamba ana miaka kumi na saba, na kwamba kitambulisho ni cha dada yake aliyeolewa ng'ambo ya Chepilat. Baba yao alikuwa amekufa na kaka zao walikuwa wamegawana shamba bila kuwahesabu wasichana. Tangu siku hiyo, asubuhi nilimwita Teresia nikisoma orodha, jioni nikamwita Sabina bombani. Mtu huzoea jambo kama hilo upesi sana.

Alikuwa mchumaji wa kweli, mmoja wa wale ambao vidole vyao vinafanya kazi huku wanazungumza nawe bila kuangalia kichaka. Na alikuwa jirani. Nilipougua taifodi baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, Kiprop, Sabina alinipikia uji wiki tatu, kabla ya kwenda bloku, kipande cha shamba alichopangiwa, na baada ya kurudi. Akaanza kuniita Mama Kiprop. Dirishani peke yake ndipo nilipobaki kuwa madam.

Alipotimiza miaka kumi na minane alikwenda kwao akachukua kitambulisho chake mwenyewe. Alikileta ofisini kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, akakiweka mbele yangu na kuniomba nimbadilishie kadi. Nilikwenda kwa Mzee Nyakundi nikamweleza. Alifikiri kidogo, akasema nimpeleke kwa meneja leo hii, aseme yote, na mimi niseme nililoona siku ile. Huenda akafukuzwa, akasema, huenda akaandikwa upya. Lakini ni kijana bado, na litakuwa limekwisha.

Nilirudi dirishani na kumwambia Sabina jambo lingine kabisa. Nilikuwa nimethibitishwa kazini mwezi huohuo, na swali la kwanza la meneja lingekuwa ni nani aliyemwandika. Nikamwambia, "Acha tu. Ukikaribia kustaafu kuna fomu ya kurekebisha majina. Tutajaza." Akanishukuru. Mzee Nyakundi hakuniuliza tena, na mimi nikamwacha aamini kwamba nilifanya alivyosema.

Mzee mwenyewe alistaafu vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona, na mengi ninayowafundisha hapa ni yake. Alianza miaka mitano kabla. Kila robo ya mwaka alikuwa akiitisha faili yake mwenyewe na kuisoma kama ya mgeni. Alihakikisha jina limeandikwa sawa kwenye kitambulisho, kadi ya kampuni, mfuko wa akiba ya uzeeni na benki, herufi kwa herufi. Alibadilisha jina la mrithi, kwa sababu fomu ya zamani ilikuwa na mama yake aliyekwisha kufa. Alimaliza mkopo wa chama cha akiba mapema ili usije ukakatwa wote kwenye kiinua mgongo. Alihama nyumba ya kampuni miezi miwili kabla ya kulazimika. Meno yake na ya mkewe aliyatibu wakati kadi ya hospitali ingali inafanya kazi, maana kadi hufa siku ileile kazi inapokwisha, saa kumi na moja jioni. Watu huambiwa haya na bado husahau meno.

Miaka ikaenda. Sabina alipata binti, akamlea peke yake na kumsomesha. Halafu dada yake, Teresia mwenyewe, akafariki. Sabina alirudi kutoka mazishini akaja kwangu moja kwa moja, viatu vingali na udongo mwekundu. Alinieleza kwamba shemeji yake ameandikisha kifo kwa sababu anataka kubadilisha hati ya shamba, na kitambulisho cha dada kimerudishwa kwa chifu. Sasa itakuwaje, akauliza. Kwa serikali Teresia Moraa alikuwa amezikwa. Kwa kampuni alikuwa bloku ya kumi na mbili, anachuma.

Mwaka huo ndio tuliokuwa tunahamisha kadi za manjano kuingia kwenye kompyuta. Nikamwambia angoje mitambo itulie. Ilitulia. Sikumwita.

Kisha kukaja semina za kustaafu. Kampuni ilileta mtu kutoka Nairobi, mwenye suti na kifaa cha kuonyesha picha ukutani, akawaeleza wanawake waliochuma chai maisha yao yote namna ya kugawanya uwekezaji wao katika hisa na majengo. Walimsikiliza kwa heshima. Akimaliza, mimi nilisimama na kuwaambia ya Mzee Nyakundi: majina, mrithi, mkopo, nyumba, meno. Sabina alikaa mbele kila mwaka na daftari la mraba, akiandika. Alikuwa amepanga yake. Angenunua kiploti karibu na Chepilat, ajenge vyumba vitatu, kimoja alale, viwili apangishe, na mbele aweke duka la unga na mafuta. Alinichorea ramani ya vyumba hivyo nyuma ya daftari. Hakuwa na pengine pa kwenda. Nyumba ya laini ndiyo ilikuwa kwao.

Mashine za kuchuma zilipokuja, wanaume wachache walizishika pande mbili za mstari wa chai, zikanyoa asubuhi moja eneo ambalo gangi ya wanawake ingelimaliza kwa siku kadhaa. Majani yalikuwa mabaya, yamekatwakatwa, lakini hayakuhitaji nyumba wala hospitali. Haukupita muda, tangazo likabandikwa kwamba wote waliozidi miaka hamsini wataachishwa kazi na kulipwa haki zao. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na tisa na miezi minne, na watu wa ofisi waliachwa hadi sitini. Sabina alikuwa na hamsini na miwili kwa mwili, hamsini na tisa kwa kitambulisho. Jina lake la kadi lilikuwa ukurasa wa kwanza wa orodha. Niliupiga chapa mimi.

Maofisa wa mfuko wa uzeeni walikuja na kimashine kidogo cha kusoma vidole. Wachumaji walipanga foleni ukumbini, wakaweka gumba, wakaondoka na karatasi. Sabina alipoweka gumba lake, kimashine kikaleta Sabina Kemunto, mtu asiyejulikana na kampuni. Wakaingiza namba ya Teresia Moraa, wakaambiwa ni marehemu. Walimwomba kwa upole akae kwenye benchi pembeni. Alikaa pale hadi ukumbi ulipofagiliwa.

Kesho yake meneja wetu wa wafanyakazi, Bwana Kelvin, aliniita. Ni kijana wa umri wa Kiprop, si mtu mbaya, na sitamfanya mbaya ili mimi nionekane afadhali. Alifunga mlango. Mwanasheria wa kampuni alitaka maelezo ya maandishi kutoka kwa aliyemsajili Sabina. Kama karani alijua, na akamwambia aendelee, basi ilikuwa kama kampuni imejua, na kumbukumbu zingeweza kurekebishwa kwa kiapo, Sabina akalipwa. Kama karani hakujua, Sabina alikuwa ameidanganya kampuni. Kiinua mgongo kinapotea, na akiba yake katika mfuko inazuiliwa mpaka mahakama iseme.

"Madam Emily," akasema, "ukiandika ulijua, hilo ni kosa la kufukuzwa. Sitaweza kukulinda. Na umebaki na miezi minane."

Nikaomba siku moja.

Mume wangu ni mwalimu aliyestaafu, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umekwisha kumla mguu mmoja hadi chini ya goti. Dawa zake zote zilitoka hospitali ya kampuni kwa kadi yangu. Huko Silibwet, tulikopanga kuhamia, tulikuwa na kuta nne zisizo na paa, zinaota nyasi ndani. Nimeyarudia haya moyoni mara nyingi, na kila mara hesabu inatoka vilevile, na kila mara sitosheki nayo.

Jioni Sabina alinikuta bombani. Alikuwa hajalala, macho yalionyesha. Hakuniomba wala hakulia. Alisema tu, "Mama Kiprop, utaandika vile ilivyokuwa, sivyo?"

Nikamwambia ndiyo.

Asubuhi nilikaa kwenye kompyuta nikaandika kwamba wakati wa kumsajili mwajiriwa huyo nilionyeshwa kitambulisho halali, kwamba sikuwa na sababu yoyote ya kushuku, na kwamba hakuna wakati wowote baadaye nilipoarifiwa juu ya jina lingine. Mistari kumi na mmoja, bila kosa hata moja la chapa. Nikatia sahihi. Bwana Kelvin aliisoma, akanitazama kidogo, akaiweka kwenye faili.

Sabina alipewa siku saba kuondoka katika nyumba. Fomu ya kuondoka ilipitia kwangu, kama zote. Alirudisha funguo, eproni ya plastiki na kikapu. Alisimama dirishani, mahali palepale pa kila mtu, nikamsukumia fomu na kalamu. Alishika kalamu.

"Madam," akaniuliza, "sahihi niweke jina gani?"

Watu walikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nikamwambia aweke la Teresia, ndilo lililo kwenye mfumo. Akaliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, akanirudishia kalamu na kwenda zake. Hajaniita Mama Kiprop tena.

Miezi yangu minane ilipita kama inavyopita kwa mtu ambaye faili yake ni safi. Sherehe yangu ilifanyika katika ukumbi uleule. Nilipewa blanketi, chupa ya chai na saa ya ukutani, na mkurugenzi mmoja aliyefika siku hiyo kutoka Nairobi akazungumza juu ya uadilifu wangu. Wanawake waliobaki walipiga vigelegele. Baadhi yao walikuwa majirani wa Sabina, na walipiga kidogo. Malipo yangu yote yalifika kwa wakati. Nilifanya kila kitu alichofanya Mzee Nyakundi, hata meno.

Paa la Silibwet lilipokwisha kupigwa misumari, nilikwenda kwa wakili mjini Bomet nikaapa kiapo cha kweli. Nilisema yote: sweta ya shule, kitambulisho katika nailoni, viatu vya mazishi, na lile neno la bombani. Wakili, mama mmoja mtu mzima, aliandika mpaka mwisho, akavua miwani na kuniuliza kwa nini sasa. Nilimwambia nimestaafu. Akasema hilo analiona kwenye tarehe.

Nilimpelekea Bwana Kelvin kiapo hicho, naye akakipeleka mbele. Jibu lilikuja kwa barua fupi. Shahidi yuleyule ametoa maelezo mawili yanayopingana, na haya ya pili ameyatoa baada ya kupokea haki zake zote. Kampuni haiwezi kuyategemea. Anayeona ameonewa anaweza kwenda mahakamani.

Basi nikaenda Chepilat siku ya soko kumtafuta Sabina. Amepanga chumba nyuma ya kinu cha mahindi, na anachuma chai kwenye mashamba madogo ya watu, kwa siku. Nilimkuta akitoka, kikapu mgongoni. Nilimpa nakala ya kiapo. Aliisoma akiwa amesimama, kurasa zote nne, kidole kikifuata mistari, huku injini ya kinu ikinguruma nyuma yetu. Nilimwambia niko tayari kusimama mahakamani, na kwamba wakili nitamlipa mimi.

Alikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Hii ungeiandika ukiwa na kitu cha kupoteza," akasema. "Nitaichukua, kwa sababu sina nyingine."

Akaniambia watu wa shamba wanamngoja, akaenda.

Sasa niseme lile mlilonitaka niseme. Mtu akija dirishani na majina mawili, mpelekeni kwa meneja siku hiyohiyo, na ninyi mwende naye. Msimwambie kuna fomu. Fomu ipo kweli, mtaikuta kwenye droo ya pili, lakini inataka sahihi ya karani aliyejua, na kadiri mnavyongoja ndivyo mtakavyokuwa na vingi vya kuwazuia kuitia sahihi hiyo: nyumba, mume mgonjwa, miezi iliyobaki. Mimi siku ile Sabina alipoleta kitambulisho chake nilikuwa sina chochote ila kazi ya miaka mitatu. Ilikuwa rahisi wakati huo kuliko ilivyowahi kuwa baadaye, na nikaiona ngumu.

Kesi ya Sabina dhidi ya kampuni imetajwa mara mbili. Tunakaa benchi moja nje ya chumba, yeye karibu na mlango, mimi mwisho wa pili, na wakili wetu katikati akisoma simu yake. Sabina hunisalimia kwa mkono, kwa kuwa amelelewa vizuri, kisha hanitazami tena. Wakili amenionya kwamba nikikiri mbele ya hakimu kuwa maelezo ya kwanza yalikuwa ya uongo, kampuni inaweza kunidai kiinua mgongo changu chote, na kwamba bado naweza kujitoa. Mume wangu ananiuliza kila jioni kama nimeamua, huku ametazama juu, kwenye paa.

Tarehe ijayo ndiyo ya kunisikiliza. Mwanasheria wa kampuni atanyanyua karatasi ile ya mistari kumi na mmoja, atanisogezea, na ataniuliza mbele ya Sabina kama sahihi iliyo chini ni yangu. Nitasema ni yangu. Kisha ataniuliza kama niliyoyaandika juu ya sahihi hiyo ni kweli, na hapo ndipo nitaanza kustaafu.